Gunia la Mlango wa Mkabala

Mama mkwe wangu huchambua mboga kama askari anayekagua vitambulisho. Kila jani huinuliwa, hugeuzwa, hutazamwa mgongo, ndipo liruhusiwe kuingia bakulini. Mimi sina subira hiyo. Nikirudi kazini, mboga kwangu ni kuosha, kukata, sufuriani. Kwa hiyo ni bahati tu kwamba jioni ile ungo alikuwa ameushika yeye.

"Njoo hapa," aliniita.

"Mama, nimebandika mafuta."

"Zima."

Nilizima. Si kawaida yake kuniamuru jikoni kwangu. Tulishaelewana juu ya hilo tangu alipohamia kwetu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, ungo mapajani, na kati ya vidole viwili ameshika jani pana kidogo kuliko mchicha, lenye kingo za menomeno.

"Nusa."

Nilinusa. Lilinuka vibaya, harufu nzito kama ya karanga zilizooza.

"Mnanaha," alisema. "Hili likiingia sufuriani, mwanao ataanza kuongea na ukuta. Baadaye ataacha kuongea kabisa."

Binti yangu alikuwa mezani akichonga penseli, anasubiri chakula. Nilimtazama ile shingo yake nyembamba. Nikauchukua ungo nikaumwaga wote kwenye ndoo ya taka.

"Ningetoa mabaya tu," mama mkwe alisema.

"Nimeshamwaga."

"Nimeona."

Kazi yangu ni kupima maziwa kiwandani. Nilisomea maabara, nina stashahada yangu. Lori likija nachota, napima, na maziwa yakiganda kwenye spiriti, tangi zima linarudi lilikotoka. Madereva wananiita Mama Rudisha. Jina hilo limenifuata hadi nyumbani na sina ugomvi nalo. Sijawahi kuona tangi lililoharibika nusu.

Mboga zile hazikutoka sokoni, wala hazikutoka kwenye gunia letu. Kwenye jengo letu hakuna anayekula alichopanda mwenyewe.

Ni jengo la ghorofa tatu lenye ua katikati, na kila mlango unatazamana na mwingine. Nje ya kila mlango kuna gunia la udongo, katikati limeshindiliwa mawe ili maji yashuke, mboga zimepandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Zamani, kabla sijahamia, kila mtu alilima lake na kila mtu aliibiwa. Watu walitukanana, wakaviziana, hadi mmoja akamwagia gunia la mwenzake maji ya chumvi. Ndipo mtunza jengo wa wakati huo, mama mmoja asiyependa kelele, akatoa amri: gunia lako ni la mlango wa mkabala. Wewe unamwagilia, wao wanachuma. Wao wanamwagilia, wewe unachuma. Asiyetaka, aondoe gunia lake akanunue sokoni. Yule mama alishafariki. Amri yake ipo.

Mwanzoni niliona upuuzi. Nilikuja kuelewa polepole. Hakuna anayeiba, maana utakayemwibia utakutana naye uso kwa uso asubuhi. Hakuna anayelima ovyo, maana anayekula anaona. Na mboga zikirefuka bila kuchumwa, unajua mlango wa mkabala kuna jambo. Hivyo ndivyo fundi viatu wa chini alivyokutwa amelala na homa, hawezi kusimama, bado anapumua. Mwaka ule daraja lilipobomoka na malori yakakwama ng'ambo, fungu la mboga sokoni lilipanda hadi likakaribia bei ya nyama. Sisi tulikula kama kawaida. Na binti yangu, ambaye kliniki walikuwa wakimwandikia vidonge vya kuongeza damu kila tunapokwenda, walikuwa wameacha kumwandikia. Mabadiliko hayo niliyaona kwenye kucha zake kabla ya kuyaona kwenye karatasi ya majibu.

Mlango wa mkabala na wetu ulikuwa wa mzee tuliyemwita Kreni. Aliendesha kreni za ujenzi maisha yake yote. Alipenda kusema kwamba nusu ya maghorofa ya mji huu yamepita mikononi mwake, na nusu iliyobaki imepinda. Mkewe alishafariki. Gunia lake ndilo lililotulisha, na zaidi ya gunia alikuwa na kitalu chini ya ngazi, makopo na masanduku ya mbao, ambako aliotesha miche ya jengo zima. Mvua zikikaribia, kila mtu alikwenda kwa Kreni kuchukua miche.

Nilivuka na lile jani.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kitandani ameuelekea, mimi nimesimama mbele yake.

"Hodi."

"Karibu. Nani?"

Alikuwa na kawaida ya kuuliza hivyo. Siku zote nilidhani ni utani.

"Mama Rudisha."

"Aa, mkwe wa yule ajuza. Mwambie mchicha wenu nimeuchuma, mgumu kama soli. Anamwagilia nini, saruji?"

"Mzee, hili ni jani gani?"

Nilimwekea kiganjani. Alilipapasa haraka, kwa kidole kimoja. "Mchicha wangu huo. Una wadudu?"

"Linuse."

Alilipeleka puani. Mkono ukabaki hapohapo, usoni, kwa muda.

"Limetoka wapi?"

"Kwenye gunia lako."

"Mtoto amekula?"

"Hapana."

"Ajuza je?"

"Ndiye aliyelikamata."

Alishusha pumzi. Akaliweka jani juu ya goti lake, akaliegesha vizuri kana kwamba lingeanguka na kuvunjika. "Ni udongo," alisema. "Mboji ilipungua. Nikaenda kuchota kwenye kile kiwanja kilichoachwa nyuma ya ukuta. Magugu hujitokeza siku za mwanzo, nayang'oa yangali na majani mawili. Huwa nayang'oa."

"Macho yamekuwa hivyo tangu lini?"

"Macho gani?"

"Nimevaa nini?"

"Nguo," alijibu. "Au sivyo?"

"Ya rangi gani?"

Kule uani mtu alikuwa anafua, maji yanamwagika, na tulisikiliza maji hayo pamoja.

Ilikuwa presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia lilimwonyesha dunia, alisema, kama mtu anayechungulia kwenye bomba lenye moshi. Alikuwa amejifunza kila kitu kwa hatua na kwa mikono: ngazi, bomba, gunia letu, gunia lake. Alituchekesha ili tuongee, akishatusikia akatujua.

"Binti yangu ndiye anayelipa chumba hiki," alisema. "Tulikubaliana. Siku nisipojiweza, anakuja kunichukua. Ana nyumba nzuri, ghorofa ya juu, ina lifti. Niliwahi kukaa huko nilipovunjika mguu. Kuna kiti. Asubuhi wananiweka kwenye kiti, wanakwenda kazini. Jioni wanarudi, wananitoa kwenye kiti. Nimekaa juu kwenye kiti maisha yangu yote, mama, lakini nilikuwa nanyanyua vitu."

Nililichukua lile jani kutoka gotini kwake.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nitakuwa nanusa kila jani kabla hujachuma. Naapa."

"Na kitalu?"

Nilimwona akielewa. Wiki ileile watu walikuwa wamechukua miche. Chini ya ngazi masanduku yalikuwa karibu matupu.

"Niache nipite mwenyewe," alisema polepole. "Niende gunia kwa gunia, ning'oe."

"Utang'oa kwa kupapasa?"

Maneno yangu hutoka kabla sijayapima. Ninachopima ni maziwa. Aliinamisha kichwa, na mimi nikaondoka nimeuacha mlango wazi kama nilivyoukuta.

Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini kwetu. Alikuwa amesikia yote. Akaniingiza ndani na kufunga mlango.

"Tupite tuwaambie watu wakague magunia," alisema. "Useme tumeona gugu kwetu. Basi. Macho usiyataje."

"Na mvua zijazo? Na miche ijayo?"

"Mvua zijazo ziko mbali. Mtu anazeeka, unampa nafasi ajipange."

"Mama, kitalu kile kinalisha watoto wote wa hapa."

"Najua kinalisha nani. Mimi ndiye ninayechambua." Aliuangalia ule ungo mtupu. "Ukisema, yule bintiye atakuja kesho. Utakuwa umemtoa mzee wa watu nyumbani kwake."

"Nisiposema, nitakuwa nimempeleka mtoto wa mtu wodini."

"Wewe unamwona kama tangi la maziwa," alisema.

Nilitoka. Nilipita mlango kwa mlango, jani mkononi, nikawaonyesha na kuwanusisha. Minanaha ilikuwepo kwenye magunia kadhaa, bado michanga, imejificha ubavuni mwa mchicha na mnavu kama mgeni asiyealikwa anayejibanza nyuma ya wenyeji. Hakuna aliyekuwa amekula. Kila mmoja aliniuliza imekuwaje, na kila mmoja nilimwambia.

"Kreni haoni?" alishangaa kinyozi wa ghorofa ya pili, ambaye ndiye mwenyekiti wa jengo. "Haiwezekani. Juzi tu kaniambia nimeota mvi."

"Anajua umri wako."

Mke wa kinyozi alikuwa na pacha wanaotambaa, wale wa kutia kila kitu mdomoni. Aling'oa gunia lao lote, hadi kitunguu. Sikumlaumu.

Jumapili tulikutana uani. Mama mkwe alikuja na kigoda chake akakaa mbali nami. Kinyozi alizungukazunguka kwa maneno ya heshima hadi mkewe akachoka.

"Mimi nasema," alisema. "Mzee wetu tunampenda. Nimekula mikononi mwake tangu niolewe. Lakini asiguse tena kitalu, na gunia lake liondolewe. Nina watoto wawili wanaokula udongo kama biskuti."

Watu walitazama miguu yao. Kuondoa gunia si jambo dogo kwetu. Asiye na gunia hana mlango unaomlisha, hivyo ndivyo amri ilivyo.

"Gunia lake nitalipalilia mimi," mama mkwe alisema kutoka kwenye kigoda. "Kila siku. Yeye amwagilie, mimi nitoe magugu. Mna neno?"

Nadhani tungekubali wote, hata mke wa kinyozi. Kreni ndiye aliyekataa.

"Anayekula ndiye apalilie?" aliuliza. "Hilo si gunia langu tena, ajuza. Hiyo ni sadaka, na mimi ndiye ninayepewa."

Aliinuka, akashika ukuta, akapanda ngazi. Tulimfuata kwa macho. Alipofika kwenye gunia lake alipiga magoti akaanza kung'oa, juu kwanza, kisha tundu kwa tundu, mazuri na mabaya pamoja, akiyalaza upande mmoja. Alifanya bila haraka, kama mtu anayevunja kambi. Fundi viatu alitaka kupanda kumsaidia; mama mkwe akamshika shati. Tulikaa tukamsikiliza hadi jiwe la mwisho lilipogonga sakafu.

Alishuka na simu yake mkononi, akanijia moja kwa moja, akifuata nilipokuwa nakohoa.

"Mpigie binti yangu," alisema. "Mimi siyaoni majina."

Nilipiga, mbele ya watu wote.

Binti yake alifika keshokutwa yake asubuhi kwa gari dogo jeupe. Nilikuwa zamu ya mchana kwa hiyo alinikuta. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amevaa nguo za ofisini, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri. Alikiangalia chumba cha baba yake, akaangalia alama nyeusi sakafuni pale gunia lilipokuwa.

"Wewe ndiye uliyepiga kusema haoni."

"Mimi."

"Asante. Miaka yote nakaa na simu mkononi nikingoja mtu apige. Nilidhani itakuwa habari mbaya zaidi." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kwangu atapata kila kitu. Hatafanya kazi yoyote."

"Nilisema haoni," nikamwambia. "Sikusema hafai."

Alinigeukia. "Unataka nimfanye nini? Niko kazini siku nzima. Lile jicho lililobaki linahitaji daktari kila wiki, na daktari yuko kwetu, hayuko hapa. Mnadhani namchukua kwa kupenda?"

Alisema kweli, na kweli nikiisikia siishindani. Mzee alipaswa kwenda. Nilichokuwa nacho ni kile tu kilichokuwa kwenye ngazi: gunia lake tupu nililolifua, mawe yake ndani ya karai, na ndoo mbili za mboji yetu niliyoichekecha mwenyewe asubuhi ile, nikitazama kila chembe. Nilivibeba hadi kwenye gari.

"Hivi nini?" aliuliza. "Gari limetoka kuoshwa."

"Litaoshwa tena. Una roshani?"

"Ninayo. Tunaanikia nguo."

"Jua linafika?"

"Asubuhi."

"Mlango wa mkabala na wako anakaa nani?"

Alifikiri. "Mtu na mkewe. Nadhani. Sijui, tunapishana kwenye lifti."

Kreni alikuwa ameshaketi mbele, mikono magotini, tayari kama mtu aliyeanza kukaa kwenye kile kiti. Hapo mama mkwe akatoka. Tangu ile Jumapili alikuwa hajavuka kizingiti. Alimpitishia dirishani mfuko wa mchicha uliochumwa kwenye gunia letu.

"Chukua soli zako," alimwambia.

"Umezilowanisha kidogo?"

"Saruji iliisha."

Hakucheka hata mmoja wao. Gari likaondoka.

Baada ya hapo mlango wa mkabala ulifungwa kwa kufuli, na mwenye nyumba hakuwa na haraka ya kupata mpangaji. Tuliendelea kumwagilia gunia letu, mimi asubuhi, mama mkwe jioni, bila kusemeshana. Hakununa kwa kelele. Aliniambia yaliyokuwa lazima: gesi imekwisha, mtoto anataka viatu. Mchicha ulirefuka, ukakomaa, ukatoa mashuke. Kinyozi alisema ni dhambi kuacha chakula kizeeke mbele ya watu, tuchume tule. Nilimwambia si chetu. Mboga zetu nilinunua sokoni, zimefungwa kamba, zimenyauka, zimenyunyiziwa maji nisiyoyajua. Nilizichambua mwenyewe, jani kwa jani.

Simu ililia Jumamosi mchana. Ilikuwa yule binti.

"Baba yako hajambo?" niliuliza, maana sauti yake ilikuwa ya ajabu.

"Hajambo. Jicho halijapona, lakini wanasema halijazidi. Amenigeuza mtumwa. Nikirudi kazini ananikalisha roshani. Nishike jani, nimwambie kingo zake zikoje, mgongo wake ukoje, lina vinyweleo au halina. Halafu ananusa. Nikikosea tunaanza upya. Sijawahi kuongea na baba yangu muda mrefu hivi."

"Mmeshachuma?"

"Ndiyo maana napiga. Juzi nimechuma, nimepika, nimemwekea. Akakataa kula. Kasema si zetu. Kanituma mlango wa mkabala na bakuli. Nimesimama pale nje sijui hata nianze vipi. Miaka naishi pale. Akafungua yule bwana. Kumbe mkewe amepooza upande, yuko ndani tangu mwaka jana, na mimi nilidhani amesafiri. Tulikaa nao hadi chakula kikapoa. Sasa wamenunua gunia. Mkewe anaweza kutumia mkono mmoja. Baba anasema unatosha. Wanauliza waanze na mbegu gani, na yeye hataki za dukani. Anataka zenu."

Mama mkwe alikuwa ameshasogea. Alininyooshea mkono, nikampa simu.

"Wewe mzee," alisema. Akasikiliza. "Umeota mashuke, umekauka, umekuwa mrefu kuliko mjukuu wangu." Akasikiliza tena. "Nani achume? Wako huo." Akasikiliza muda mrefu, akiutazama mlango wenye kufuli. "Haya. Kula, acha maneno."

Alinirudishia simu, akachukua ungo, akatoka nje. Nilimwona akikata yale mashuke makavu moja moja na kuyasugua viganjani juu ya ungo, akipepeta makapi kwa mdomo. Zilibaki mbegu ndogo nyeusi zinazong'aa, zimechanganyika na vumbi na vijiti na punje nyingine ambazo upepo ulileta.

Nilikuwa nageuka kurudi jikoni.

"Kaa," alisema, akausogeza ungo katikati yetu. "Wewe una macho."

Nikakaa.